Kengele ya Makande

Juma lililopita tuliachana nikiwa nimelala chali kwenye sakafu ya kanisa pale Igowole. Macho nimefumba. Mama mmoja wa kwaya ananipepea kwa kitabu cha nyimbo, mwingine ananivua viatu. Mpaka leo sijui viatu vilikosa nini.

Kwa ambaye ndo anafungua gazeti leo: mimi naitwa Tekla, niko kidato cha tatu, shule ya bweni, Mafinga. Nina aibu. Yaani mwalimu akiita majina asubuhi, akifika kwangu, anayeitika ni Devota rafiki yangu. "Tekla?" "Yupo." Mimi natikisa kichwa tu nyuma ya mgongo wake.

Mtu kama huyo ndo alichaguliwa kufungua mdahalo mbele ya shule nzima. Nikaanguka. Wakanirudisha nyumbani nipumzike. Jumapili Paroko akanipa somo la kwanza nisome. Nikaanguka tena.

Sikufa, kama unavyoona. Ila nilijua nakufa. Moyo ulikwenda mbio kama sungura aliyefungiwa kwenye debe. Vidole vikafa ganzi. Kifua kikabana, macho yakaingia ukungu, hewa ikawa haitoshi, na Igowole hewa ndo kitu pekee tunachopewa bure.

Ukoo ukakaa, ukakubaliana bila kumuuliza mtu: Tekla ni mgonjwa wa moyo.

Kuanzia hapo nikawa mtoto wa moyo. Mtoto wa moyo habebi maji. Hakimbii. Hachekeshwi. Nikaanikwa kwenye kigoda uani kama mahindi ya mbegu, Bibi akiniangalia kuku wasinisogelee.

"Hata kuku, Bibi?"

"Kuku anashtua."

Halafu kulikuwa na chai. Bibi yangu amechuma chai ya Mufindi tangu usichana wake na anaamini hakuna ugonjwa unaoweza kusimama mbele yake. Akanipikia nyeusi kama lami, sukari tele, asubuhi, mchana na jioni. Kikombe kikimwagika, kitambaa hakifuliki tena.

"Moyo unataka nguvu," anasema. "Kunywa."

Nakunywa. Moyo unaanza kuruka. Namwambia, Bibi, moyo unaruka. Bibi anasema, "Unaona? Umedhoofika," anaongeza kikombe. Usiku nabaki nahesabu mabati.

Mama angekuwepo angeingilia, lakini Mama yuko Mbeya, anamuuguza dada yake. Baba peke yake hawezi kubishana na mama yake. Hakuna anayeweza.

Sasa shida yenyewe ikaja kwa simu. Shangazi Faustina, dada yake Baba, anafanya biashara ya mchele Chimala. Akapiga, Baba akaweka sauti ya juu, wote tukasikia.

"Kaka, mtoto wa moyo hakai bweni. Mlete kwangu ajifunze cherehani. Chimala joto, moyo hautetemeki na baridi."

"Shule wanataka jibu," Baba akasema. "Asiporudi baada ya likizo hii fupi, kitanda chake anapewa mwingine."

"Wampe. Cherehani nimeshanunua."

Mimi kwenye kigoda nikahisi sungura anaamka ndani ya debe. Shule naipenda. Sikuwahi kumwambia mtu, maana kumwambia mtu ndo hicho nisichokiweza.

Baba akaniangalia. Akasema, "Kwanza hospitali. Halafu ndo cherehani."

*

Daktari alikuwa dada mdogo, kavaa mtandio rangi ya maziwa, anaitwa Ruwaida. Bibi hatibiwi na mtu asiyemjua ukoo, kwa hiyo mahojiano aliyaanza yeye.

"Wewe mtoto wa nani?"

"Kwetu Mbeya mjini, Bibi. Baba anauza vitambaa Mwanjelwa."

"Na shule umemaliza kweli?"

"Nimemaliza."

"Mbona mdogo?"

"Nilianza mapema, Bibi. Mgonjwa ni wewe au ni huyu?"

Wakanilaza, wakanibandika vifungo kifuani vyenye waya, mashine ikachora milima. Wakatoa damu pia. Nikaangalia ukutani mpaka wakamaliza. Baadaye Daktari Ruwaida akatuita, akaweka karatasi mezani.

"Moyo wa Tekla mzima. Damu inatosha. Hana tatizo la moyo."

"Rudia," Bibi akasema.

"Tumerudia."

"Hiyo mashine ina umeme?"

Baba akajifanya anafunga kamba ya kiatu. Daktari akanigeukia mimi.

"Tekla, mara ya kwanza ulikuwa unafanya nini?"

"Nafungua mdahalo."

"Ya pili?"

"Nasoma somo."

"Umewahi kuanguka ukiwa unachota maji?"

"Hapana."

"Ukiwa unacheka na rafiki yako?"

"Hapana."

"Basi huu moyo wako una akili sana. Unachagua pa kuumwa."

Nikatabasamu kidogo. Bibi hakutabasamu.

"Mnasema mtoto anadanganya?"

"Hapana, Bibi. Anachosikia ni cha kweli. Moyo kweli unakwenda mbio, vidole kweli vinakufa ganzi. Ila sio ugonjwa wa moyo. Mwilini mna mlinzi. Akihisi hatari anagonga kengele. Moyo unaharakisha damu iende miguuni ukimbie. Mapafu yanavuta hewa nyingi. Jasho linatoka, tumbo linasimamisha kazi. Yote ni matayarisho ya kukimbia. Sasa Tekla hakukimbia. Kasimama pale pale, kitabu mkononi."

"Na ganzi?" nikauliza. Mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu. Baba akashangaa.

"Unapumua haraka kuliko mwili unavyohitaji. Hewa unayotoa inazidi, vidole vinachonyota, kichwa kinakuwa chepesi. Unadhani hewa imepungua, kumbe umeizidisha."

"Lakini kanisani hapakuwa na hatari," Baba akasema.

"Hapakuwa nayo. Mlinzi aliona moshi, akadhani msitu unawaka."

Baba akaanza kukohoa. Bibi akaangalia dirishani. Mimi nikang'ata mdomo wa chini.

"Nimesema nini?" Daktari akauliza.

Ilibidi tumwambie.

Baba yangu, Sosthenes, ni mlinzi wa mnara wa moto kwenye mashamba ya mipaini. Kazi yake ni kukaa juu siku nzima anatazama vilima. Akiona moshi anagonga kengele, ambayo ni ringi kuukuu ya lori iliyoning'inizwa kwa mnyororo. Ikigongwa, watu wote wanaacha walichoshika.

Kiangazi kimoja Baba akaona moshi mweupe nyuma ya kilima. Akagonga. Wakatoka watu wa mashine za mbao, wakatoka wachuma chai, kila mtu na tawi bichi au jembe. Trekta la maji likatoka. Padri akatoka. Wakapanda kilima, wakashuka upande wa pili, wakakuta Bibi yangu, yaani mama yake mzazi, kakaa kwenye kigoda anapika makande kwa kuni mbichi.

Bibi akawaambia hayajaiva, wasubiri.

Tangu siku hiyo Baba hawezi kupita sokoni. Akinunua maharage, muuzaji anamuuliza kama atahitaji na trekta.

Daktari Ruwaida alijitahidi. Alifunika mdomo kwa mtandio, lakini mabega yalimsaliti.

"Samahani, Baba Tekla. Na kazi hawakukufukuza?"

"Hapana. Msimamizi alisema bora mlinzi anayeona makande kuliko asiyeona moto."

"Mtu wa busara huyo. Na wewe baada ya pale ukawaje?"

Baba akaegemea meza. Halafu akasema, polepole, kitu ambacho hata mimi sikuwahi kukisikia.

"Nikawa naogopa kugonga. Na naogopa kutogonga. Usiku silali, nasikia vicheko. Asubuhi nikipanda mnarani, hata ukungu nikiuona, moyo unaruka."

"Huo ndo msongo," Daktari akasema, na safari hii hakucheka. "Mlinzi asiyelala, kila ukungu kwake ni moshi. Mwili ukikaa na hofu siku nyingi, kengele inakuwa nyepesi, kitu kidogo tu kinaigonga. Tekla, nani anamnyima usingizi mlinzi wako?"

"Chai," nikasema. Ilikuwa rahisi kuliko ukweli.

"Chai kiasi gani?"

Nikaeleza. Daktari akamgeukia Bibi taratibu, kama mtu anayegeuza sufuria ya moto.

"Bibi, chai nzito inaharakisha moyo. Na inafukuza usingizi."

"Hii chai Wazungu wanaifuata na meli."

"Wanaweka maziwa, Bibi. Na hawanywi usiku."

Bibi akasema atafikiria. Kwa Kibena, Kihehe na lugha zote ninazozijua, Bibi akisema atafikiria maana yake hapana.

Daktari akawaomba watusubiri nje. Mlango ulipofungwa akasema, "Haya. Sasa niambie lile lingine."

Nikaangalia vidole vyangu. Nikasema na vidole.

"Kwenye ukoo wetu mimi ndo wa kwanza kufika kidato cha tatu. Wananiita Daktari. Tangu darasa la sita wananiita hivyo. Mtu akiumwa goti anasema, ngoja Tekla amalize. Baba mkubwa Bartholomeo ana henia, amekataa kupasuliwa, ananisubiri mimi."

"Anakusubiri wewe."

"Ndio. Na mimi kuku akichinjwa najificha chooni."

Hapo alicheka wazi, na mimi nikacheka, na nikagundua tangu nirudi nyumbani sijacheka mbele ya mtu.

"Umewaambia?"

"Hapana."

"Basi henia ya baba mkubwa ndo umeibeba wewe kifuani. Sio lazima useme yote siku moja. Ila kaa ukijua ndo mzigo wenyewe."

Akanifundisha. Kengele ikilia nisibishane nayo, niiambie nimesikia, ngoja tuone kwanza ni moto au makande. Halafu nivute hewa kwa pua taratibu, nitoe kwa mdomo, ndefu, kama napuliza kuni zinazokataa kuwaka. Kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta.

"Na urudi shule," akasema. "Ukijifungia ndani kwa kuogopa, mlinzi ataamini kweli nje kunaungua."

*

Ungedhani yameisha. Hujawajua watu wa kwetu.

Habari ilifika Igowole kabla ya sisi: hospitali haijaona kitu. Na kwetu hospitali ikikosa ugonjwa, ujue ni mkubwa mno, umejificha. Tulipofika uani tukakuta majirani wamekaa kwenye mikeka, wamejifunga kanga viunoni, nyuso zimenyongea.

"Kamwene," wakanisalimia kwa sauti ya chini.

"Kamwene," nikaitika.

"Pole mwanangu. Dunia tunapita."

Nikakaa kwenye kigoda changu, macho yote kwangu. Kila nikigeuka kuna mtu ananihurumia. Sungura akaamka. Vidole vikaanza. Nikataka kupuliza kama nilivyofundishwa, lakini unapulizaje watu wanakutazama? Mmoja akasema, "Anaanza." Mwingine akasema, "Mleteeni chai."

Ndipo mlangoni tukasikia kilio.

Ni Mzee Eliezeri, seremala. Ni Mgogo wa Dodoma aliyefuata mbao huku na kubaki, na Wagogo ni watani wetu Wahehe. Kwa mila yetu mtani anaweza kukwambia lolote, hata msibani, hasa msibani, na huruhusiwi kununa. Akaingia kofia mkononi, analia kwa sauti bila hata chozi moja, akajitupa chini, akalala kuziba mlango.

"Yuko wapi marehemu? Tranka lake nachukua mimi. Godoro pia. Ndala gawaneni nyie Wahehe."

"Mgogo we," Bibi akasema, "ondoka mlangoni. Mtoto mzima huyu."

"Mzima? Mbona mmekaa kimya hivi? Mgogo akikuta Wahehe wamenyamaza, ama kuna msiba ama mbwa anaiva jikoni."

"Mbwa kaliwa jana," Bibi akajibu. "Ulichelewa kuja kuomba."

Mzee Eliezeri akajiinua nusu, akaniona kwenye kigoda. Akatoa futi ya kupimia mbao mfukoni. Akanipima, kichwa mpaka unyayo, taratibu, kama mtu yuko kazini.

"Mfupi," akawaambia waombolezaji. "Mbao zitabaki. Nitatengeneza na stuli."

Sikukusudia kucheka. Mtoto wa moyo hachekeshwi. Lakini kicheko kilitoka chenyewe, kirefu, hewa yote ikaondoka nacho, ikabidi nivute nyingine nicheke tena. Nilipofuta machozi nikaona vidole vyangu viko sawa. Kifua kimeachia. Kumbe kucheka ni kupuliza kwa muda mrefu, bila kujua.

"Siamki mpaka nilipwe," Mzee Eliezeri akasema, amerudi kulala mlangoni.

Bibi akamlipa kikombe cha chai. Akanywa funda moja, akakaa kitako, akakitazama kikombe.

"Mama, hii si ndo tunayopaka nguzo za umeme zisiliwe na mchwa?"

Majirani wakaangua kicheko, wakakunja mikeka yao mmoja mmoja, wakaenda. Bibi alinuna mpaka jioni. Ila jioni hiyo, bila kusema neno, akaniletea uji.

*

Jumamosi kikao kikakaa.

Shangazi Faustina alifika na mfuko wa mchele na picha ya cherehani kwenye simu. Baba mkubwa Bartholomeo alikaa kwenye kiti cha mwenyekiti, kaegemea upande mmoja kwa ajili ya henia. Bibi, Baba, mimi. Mzee Eliezeri hakualikwa, lakini mtani haalikwi, alikaa karibu na mlango anachonga mpini.

Devota alikuwa anakuja pia. Asubuhi alipiga simu ya Baba: yuko kwenye gari kutoka Mafinga, akishuka stendi atakata njia ya kisimani, katikati ya mipaini, ana ujumbe wa shule kuhusu kitanda changu. Nilikuwa namsubiri kama mtu anayesubiri mvua. Nilijua akikaa pembeni yangu, atanisemea.

Kikao hakikumsubiri.

"Mimi sina maneno mengi," Shangazi akaanza, halafu akasema mengi. Joto la Chimala. Heshima ya ufundi. Sare za shule zinavyolipa. "Na hospitali wameshindwa kuona ugonjwa. Mtoto akifia bweni, tutamlaumu nani?"

"Hospitali hawakushindwa," Baba akasema. "Wamesema moyo mzima."

"Wewe Sosthenes nawe. Wewe ndo wa kutuambia kipi ni hatari na kipi sio? Makande tuliyaona."

Wakacheka wote. Baba naye akacheka kidogo, kama anavyocheka siku zote, mdomo bila macho. Halafu akasema, "Basi tusibishane. Muulizeni mwenyewe. Tekla, simama useme."

Nikamtazama. Baba gani huyu.

Nikasimama. Kengele ikagonga, tena kwa nguvu. Mabati yakasogea, sauti zikaenda mbali. Nikaangalia mlangoni: Devota bado. Nikaiambia kengele, nimesikia. Moto au makande? Nikaangalia: baba mkubwa kaegemea upande. Shangazi kashika simu. Bibi anatafuna kucha. Makande tupu.

Nikapuliza. Mbele ya watu. Shangazi akasema, "Anaanza," Mzee Eliezeri akamwambia, "Shh, dada, unapuliza moto wa mwenzio."

"Nataka kurudi shule," nikasema.

Sauti ilikuwa ndogo, lakini ilikuwa yangu. Ningekaa hapo, ningeshinda. Sijui nini kilinisukuma niendelee.

"Nataka kurudi shule. Ila udaktari siutaki. Naogopa damu. Nitasoma kitu kingine."

 Wakanitazama kama walivyomtazama Bibi siku trekta la maji lilipofika. Mkono wa baba mkubwa ukaenda polepole kiunoni, ukashika ile henia, kama kumwambia mwenzake habari mbaya.

Akafungua mdomo anijibu.

Ndipo ringi ya lori ikalia huko kilimani.

Ngaa. Ngaa. Ngaa.

Kwanza wakaangalia sufuria. Halafu wakacheka, mpaka Shangazi akajishika mbavu. "Sosthenes, mama hajabandika hata maji leo. Umeona nini tena?"

Lakini Baba alikuwa amekaa pembeni yangu.

Vicheko vikakatika kimoja kimoja, kila mtu alivyomwona. Mnarani alikuwa Anord, mwenzake wa zamu. Na Anord, tangu yale makande, aliapa hatagonga ile kengele mpaka moto umuunguze ndevu. Watu wanamsifu kwa hilo.

Baba akatoka uani, sisi nyuma. Moshi ulikuwa mweusi, unapanda kwa kujikunja, juu ya mipaini. Upande wa kisimani.

"Devota," nikasema.

Baba akawageukia wanaume. "Nani anaijua njia ya kisimani?"

Wakatazamana. Maji kwetu wanachota wasichana. Baba mkubwa Bartholomeo anayajua maji yakishafika kwenye mtungi.

"Mimi naijua," nikasema.

"Mtoto wa moyo," Bibi akadaka mkono wangu.

Baba hakumtazama Bibi. Alinitazama mimi, kama anavyotazama vilima.

"Tekla. Hiyo ya kifuani inasemaje?"

Nikaweka mkono. Ilikuwa inagonga kuliko kanisani, kuliko mdahalo. Miguu ilikuwa ya moto. Nikapuliza, nikaisikiliza mpaka mwisho.

"Inasema ni moto, Baba. Sio makande."

"Basi kimbia. Mimi nyuma yako."

Nikavua ndala. Nikasikia Bibi anapiga kelele, "Mshikeni," na sauti ya Mzee Eliezeri ikimjibu, "Muacheni, Mama. Nilimpima vibaya huyu."

Nilikimbia. Nilikuwa nimesahau kukimbia kulivyo. Sungura hakuwa tena kwenye debe, alikuwa mbele yangu, ananionyesha njia. Nikaruka mtaro, nikapita shamba la chai, nikaingia kwenye mipaini, moshi ukanipokea machoni.

Kisimani nikakuta begi la Devota. Limekaa vizuri juu ya jiwe, kama mwenyewe kasogea kidogo tu. Devota hayupo.

Nikageuka kumwambia Baba. Nyuma yangu hapakuwa na Baba. Palikuwa na moshi.

Basi nikafanya kitu ambacho sijawahi kufanya tangu nizaliwe. Nikafungua mdomo, nikaita jina la mtu kwa sauti, mpaka mipaini ikarudisha.

Na Devota, ambaye kila asubuhi huniitikia mimi, hakuitika.